Amri ya Kuunda Saraka na Maelezo Yake Tangu Mwaka 1971

Katika insha hii nakusudia kueleza historia ya jambo dogo. Nalo ni amri ya kompyuta iundayo saraka, yaani ile folda ambayo faili hutiwa ndani yake. Na zaidi ya amri yenyewe, nataka kueleza maelezo yaliyoandikwa juu yake tangu mwaka 1971 mpaka wakati wetu huu, ambapo msomaji wa maelezo hayo aghalabu si mtu. Najua wako watakaouliza mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini katika uwanja wa mafundi. Nawajibu kwamba maelezo ni maneno, na maneno ndiyo kazi yangu. Tena nimekwisha kupata hasara kwa sababu ya maelezo ya maneno mawili tu, na hasara hiyo haikuwa yangu peke yangu.

Hasara yenyewe ilikuwa hivi. Kwa miaka kadhaa mimi na wanafunzi wangu tumekuwa tukipiga picha miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambayo imehifadhiwa majumbani mwa watu katika miji ya pwani. Wenyewe hututolea miswada yao kwa siku moja au mbili, nasi tukiisha kuipiga picha huirudisha. Picha zilikuwa zimerundikana katika kompyuta pasipo mpango. Nikampa kazi hiyo wakala wa akili unde, yaani programu iliyojengwa juu ya modeli ya lugha na kupewa zana chache za kufanyia kazi. Nikamwambia azipange picha zote, kila mswada katika saraka yake, na kila saraka iitwe kwa jina la utenzi. Miongoni mwa miswada hiyo ilikuwamo miwili ya utenzi mmoja, iliyotoka katika nyumba mbili za miji miwili, yenye mikono tofauti ya waandishi na beti zisizolingana. Wakala aliunda saraka ya mswada wa kwanza, akatia kurasa zake, ukurasa wa 1, wa 2, wa 3, na kuendelea. Baadaye alipoufikia mswada wa pili aliomba kuunda saraka kwa jina lile lile. Zana ikamjibu kwamba imefaulu. Naye, kwa kuwa ameambiwa amefaulu, akaamini ya kuwa anayo saraka mpya iliyo tupu. Akatia humo kurasa za mswada wa pili, nazo zikakaa mahali pa kurasa za kwanza zilizokuwa na namba zile zile. Mswada wa pili ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza, kwa hiyo hapakusalia hata ukurasa mmoja. Kurasa 41 zikatoweka.

Msomaji atauliza nakala ya akiba ilikuwa wapi. Haikuwapo, na kosa hilo ni langu. Mswada wa asili ulikuwa umekwisha kurudi kwa mwenyewe, na masika yaliyofuata paa la nyumba ile lilivuja.

Nilipotulia nilitaka kujua nani aliyekosa. Niliyasoma maelezo ambayo wakala alipewa juu ya zana ile. Yalikuwa haya: “Huunda saraka.” Basi. Kiambishi *hu* katika lugha yetu hueleza desturi. Hakisemi lini, wala kwa sharti gani, wala itakuwaje mambo yakiwa kinyume. Ukisema mvuvi huenda baharini hukusema kwamba leo amekwenda. Fundi aliyeyaandika maneno hayo hakudanganya, na wakala aliyeyasoma hakuyasoma vibaya. Lililonishangaza zaidi ni kwamba swali lililotuponza, yaani itakuwaje ikiwa saraka ipo tayari, si swali geni hata kidogo. Watu wamekuwa wakilijibu, kila kizazi kwa namna yake, kwa zaidi ya miaka hamsini.

Hapo kwanza saraka haikuwa kitu cha kuundwa na mtumiaji. Katika mfumo wa CTSS, ulioonyeshwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1961, kila mtumiaji alikuwa na orodha yake ya faili, na orodha hiyo haikuwa na tumbo ndani ya tumbo. Fikira ya kuzipanga saraka kama mti, saraka ndani ya saraka pasipo kikomo, ilielezwa wazi mwaka 1965 na R. C. Daley na P. G. Neumann katika makala yao juu ya mfumo wa faili wa Multics. Mti huo ni wa ajabu kidogo kwa kuwa shina lake huchorwa juu na matawi yake huteremka chini. Walakini ndio mti uliomea katika kompyuta zote tunazotumia leo. Multics ilikuwa kazi ya pamoja ya MIT, kampuni ya General Electric na maabara ya Bell. Mwaka 1969 maabara ya Bell ilijitoa, na baadhi ya watu wake wakabaki na fikira kubwa mikononi bila mashine ya kuzitimizia.

Mmoja wao, Ken Thompson, alipata mashine ndogo ya PDP-7 ambayo haikuwa na wa kuigombania. Humo yeye na Dennis Ritchie, pamoja na wenzao, wakaanza mfumo ambao baadaye uliitwa Unix. Ritchie ameacha masimulizi ya siku hizo, na katika masimulizi hayo limo jambo ambalo kwangu ni la thamani kubwa. Katika Unix ile ya kwanza hapakuwa na njia yo yote ya kuunda saraka wakati mfumo unafanya kazi. Saraka zote ziliundwa mara moja tu, wakati diski nzima ilipotengenezwa upya kutoka katika utepe wa karatasi. Ritchie azilinganisha na mali isiyoweza kuzaliwa tena. Laiti zingebaki hivyo, nisingekuwa na cha kuandika! Maana panapo saraka chache zisizoongezeka, kila mtu azijua kwa majina kama ajuavyo visima vya kijiji chake, na hapana anayeweza kudhani kisima cha zamani ni kipya.

Mwaka 1970 walipata mashine kubwa zaidi ya PDP-11. Sababu waliyoitoa ili wanunuliwe ilikuwa kutengeneza mfumo wa kuandika na kupanga hati, na mwaka 1971 wapiga chapa wa idara ya hataza katika maabara ya Bell wakaanza kuutumia kwa kazi yao. Tarehe 3 Novemba 1971 kikatoka kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, kwa majina ya Thompson na Ritchie. Katika kitabu hicho imo amri ya kuunda saraka, nayo yaitwa mkdir, kwa herufi tano ambazo hazijabadilika mpaka leo.

Naomba msomaji anivumilie nikitazame kitabu hicho kwa jicho la mtu wa fasihi, kwa maana umbo lake ni utungo wa namna ya peke yake. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na kila ukurasa ulifuata vichwa vile vile: jina, namna ya kuiandika amri, maelezo, faili zinazohusika, kurasa nyingine za kutazama, majibu ya kosa, kasoro, na mwisho jina la mwenyewe. Vichwa viwili vya mwisho ndivyo vinavyonigusa. Chini ya kasoro, mtunzi alikiri mwenyewe yale ambayo amri yake haikuyaweza au iliyatenda vibaya. Sijui utungo mwingine wa kikazi ambao mtengenezaji hukiri upungufu wake katika ukurasa ule ule anaousifia, tena kwa desturi wala si kwa kulazimishwa. Na chini ya jina la mwenyewe aliandikwa mtu wa kuendewa ukipatwa na shida. Kurasa zilikuwa fupi, na ziliweza kuwa fupi, kwa sababu mwenyewe alikuwa chumba cha pili. Palipokosekana neno, miguu ililipa deni la maandishi.

Jina la mwenyewe halikudumu katika vitabu vilivyofuata. Watumiaji walikuwa wameongezeka, vyuo vikuu vilikuwa vimeupokea mfumo ule, na msomaji wa California hakuweza kubisha mlango wa New Jersey. Kichwa cha kasoro kilibaki.

Sasa nataka kueleza kasoro moja ambayo haikuonekana upesi, kwa maana ndiyo iliyoibadilisha amri yenyewe. Saraka ya Unix haizaliwi tupu kabisa. Sharti iwe na majina mawili ndani yake: nukta moja, ambayo ni jina lake yenyewe, na nukta mbili, ambazo ni jina la mzazi wake. Katika Unix ya toleo la saba, lililotoka mwaka 1979, amri ya mkdir iliunda saraka kwa hatua mbalimbali. Kwanza iliomba kiini cha mfumo kifanye saraka isiyo na kitu. Kisha ikaikabidhi kwa mtumiaji aliyeomba, iwe mali yake. Kisha ikatia nukta moja. Kisha nukta mbili. Hatua hizi hakuruhusiwa kuzifanya mtu wa kawaida, kwa hiyo programu ya mkdir ilivikwa mamlaka ya msimamizi mkuu kwa muda wa kazi yake, kwa hila ambayo Ritchie alikuwa ameibuni na kuipatia hataza mwaka huo huo wa 1979.

Basi kati ya hatua ya kwanza na ya pili palikuwa na upenyo. Saraka imekwisha kufanywa, lakini haijakabidhiwa. Mtu mwerevu mwenye nia mbaya aliweza kuipunguzia kasi programu ya mkdir, na katika upenyo huo akaiondoa saraka ile changa, akaweka mahali pake kiungo chenye jina lile lile kinachoelekea kwenye faili ya siri za kuingilia. Hatua ya pili ilipofika, mkdir, ikiwa bado imevaa joho la msimamizi mkuu, ilikabidhi kwa mtu yule kile kilichokuwa na jina lile. Haikutazama ni kitu gani. Ilikabidhi ufunguo wa nyumba nzima ikidhani inakabidhi chumba kitupu.

Tiba ilitoka katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Mwaka 1983, katika mfumo ulioitwa 4.2BSD, kuunda saraka kulifanywa kuwa tendo moja la kiini chenyewe, lisilogawanyika. Ama saraka imeundwa na nukta zake zote na mwenyewe wake, ama haikuundwa. Na jina likiwapo tayari, kiini hujibu kwamba lipo, na hakuna linalotendeka. Mfumo huo huo uliruhusu majina ya faili kufika herufi 255, ambapo toleo la saba lilikomea herufi 14. Kwetu sisi tunaohifadhi tenzi si jambo la kupuuza, maana kwa kanuni ya zamani “Utenzi wa Tambuka” ungeitwa “Utenzi wa Tamb”, na mjukuu wetu angekuwa na kazi ya kufikiri. Mwaka ule ule wa 1983 kompyuta ndogo za mezani nazo zilipata saraka za ndani kwa ndani katika MS-DOS ya toleo la 2.0, kwa amri ya MD. Lakini hiyo ni hadithi ya ujirani, naipita.

Hapa ndipo ninapofika penye kiini cha insha yangu. Mtu akitaka kuunda saraka ndani ya saraka ambayo nayo haijaundwa, amri ya mkdir hukataa. Humwambia kwamba mzazi hayupo. Watu walichoshwa na kuunda mzazi kwanza, kisha mwana, kisha mjukuu. Basi amri ikapewa nyongeza ya herufi moja, p, ambayo huifanya iunde wazazi wote wanaokosekana njiani. Nyongeza hiyo iliingizwa katika kanuni za POSIX za amri, zilizopitishwa mwaka 1992, ambapo kanuni za kiini zilikuwa zimekwisha kupitishwa mwaka 1988. Lakini nyongeza ile ilikuja na mgeni. Kwa kuwa wazazi wengine huenda wapo na wengine hawapo, amri haina budi kunyamaza inapomkuta aliyepo. Na kimya hicho hakikukomea kwa wazazi. Kilimfikia na mwana. Ukitumia p, saraka uliyoitaja ikiwapo tayari si kosa. Amri hurudi kimya, na kurudi kimya katika Unix ndiko kufaulu.

Kwa hiyo mafundi walikuwa na amri mbili chini ya jina moja. Ya kwanza husema: unda. Ya pili husema: hakikisha ipo. Katika Kiswahili vitenzi hivi havikaribiani. Baba akimwambia kijana, “Jenga banda,” kijana akarudi akasema, “Nimekwisha,” baba atatazamia kuona banda jipya. Akimwambia, “Hakikisha banda lipo,” kijana akalikuta la jirani limesimama kiwanjani na kuku wa jirani wamo ndani, akarudi akasema, “Nimekwisha,” hakusema uongo. Tofauti itaonekana siku baba atakapotia kuku wake. Kwa nini basi wanadamu walitumia nyongeza ile kwa miaka mingi bila kilio kikubwa? Naona sababu ni kwamba mtu aliyeandika amri ile kwa mkono wake aghalabu alijua kwa nini ameandika p, na macho yake yalikuwa juu ya orodha ya faili zake. Ukurasa wa maelekezo haukumwambia yote, yaliyobaki aliyajua.

Nyongeza hiyo ina neno jingine la kando ambalo wengi hawalijui. Ukiamuru saraka iundwe kwa ruhusa fulani, mathalani isisomwe na mtu mwingine, na ukatumia p, ruhusa hiyo humpata mwana wa mwisho tu. Wazazi wanaoundwa njiani hupewa ruhusa za kawaida. Jambo hili limeandikwa katika kanuni. Lakini kuandikwa si kusomwa.

Sasa tuje katika siku zetu. Modeli za lugha hapo awali zilitoa maneno tu. Mwezi wa Juni mwaka 2023 kampuni ya OpenAI iliwapa waandishi wa programu njia rasmi ya kuiambia modeli kwamba ziko zana fulani: jina la kila zana, maelezo yake kwa lugha ya kawaida, na umbo la vitu inavyovitaka. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza kanuni ya wazi ya kuunganisha modeli na zana, iitwayo Model Context Protocol, na pamoja nayo programu za mfano. Moja ya programu hizo ni ya kushughulikia faili, na ndani yake imo zana ya kuunda saraka. Hivi ndivyo mkdir, katika umri wake wa miaka hamsini na mitatu, ilivyopata ukurasa mpya.

Ukurasa huo ni wa sentensi chache. Waeleza kwamba zana huunda saraka mpya au huhakikisha kwamba ipo, kwamba yaweza kuunda saraka za ndani kwa ndani kwa mara moja, kwamba saraka ikiwapo tayari tendo hufaulu kimya, na kwamba kazi hufanyika ndani ya saraka zilizoruhusiwa tu. Nimeyasoma mara nyingi na nayasifu kwa sababu yametaja kimya chake. Zana iliyonipata mimi ilikuwa nyingine, ya watu wengine ambao sitawataja, nayo ilitenda vile vile bila kutaja.

Lakini tazama vichwa vilivyopotea. Kichwa cha kasoro hakimo. Majibu ya kosa hayamo. Jina la mwenyewe halimo, na hata lingekuwamo lingemfaa nini wakala, ambaye hana miguu ya kwenda chumba cha pili? Yeye hana ila maneno aliyopewa na majibu anayopata. Msomaji wa mwaka 1971 aliusoma ukurasa akiwa na mashaka, akaujaribu, akauliza, akacheka. Msomaji wa leo auchukua kama ulivyo na kutenda papo hapo, na huenda akatenda mara mia tatu kabla mwenye kazi hajamaliza chai yake. Iko pia sababu ya ufupi: maelezo ya kila zana huchukua nafasi katika kumbukumbu ya kazi ya modeli, na zana zikiwa nyingi mafundi huyabana. Ni kweli. Lakini waandishi wa 1971 nao walibana, na kasoro hawakuzibana.

Katika toleo la kanuni ile lililotoka mwezi wa Machi mwaka 2025 ziliongezwa alama za kueleza tabia ya zana. Alama moja husema kama zana husoma tu. Nyingine kama yaweza kuharibu. Nyingine kama kuirudia mara ya pili kwa ombi lile lile hakuongezi athari. Kanuni yenyewe yaonya kwamba alama hizi ni dokezo, na kwamba zisiaminiwe zikitoka kwa mtu usiyemwamini. Nami nilipozisoma nilijiuliza: zana iliyonipotezea kurasa 41 ingepewa alama gani? Haiharibu, maana haikufuta kitu. Picha zilifunikwa na zana nyingine iliyokuja baada yake. Kuirudia hakuongezi athari, maana mara ya pili haikutenda lo lote. Alama zote mbili zingekuwa za kweli, na hasara ingetokea vile vile. Ubaya haukuwa katika tendo. Ulikuwa katika neno “imefaulu”, ambalo lilibeba maana mbili na halikusema ni ipi.

Na yale maneno “ndani ya saraka zilizoruhusiwa tu” nayo yalipata mtihani wake. Mwaka 2025 ilitangazwa na kurekebishwa kasoro katika programu hiyo ya mfano: ilipima ruhusa kwa kulinganisha mwanzo wa majina. Saraka iliyoruhusiwa ikiitwa tenzi, basi na saraka ya jirani iitwayo tenzi_siri, kwa kuwa jina lake laanza kwa herufi zile zile, ilipita. Mtoto wa shule ya msingi anajua ya kuwa Mwanamkasi si Mwana kwa sababu majina yaanza sawa. Lakini mashine hulinganisha inavyoambiwa.

Baada ya kuyasoma hayo niliamua kuandika maelezo yangu mwenyewe, na mwanafunzi wangu mmoja ajuaye programu akatengeneza zana inayoyatimiza. Maelezo ni haya:

“Zana hii huunda saraka moja mpya. Mzazi wake sharti awepo. Asipokuwapo zana haiundi kitu, hujibu MZAZI HAYUPO. Jina likiwa limekwisha kutumika, liwe la saraka au la faili, zana haiundi kitu, hujibu JINA LIPO. Jibu la IMEUNDWA maana yake ni kwamba saraka haikuwapo kabla ya ombi hili, na kwamba ilipoundwa ilikuwa tupu. Ukijibiwa JINA LIPO, usitie kitu humo wala usibuni jina jingine. Simama umwulize mwenye kazi. Kasoro: zana hii haitambui kwamba majina mawili yaliyoandikwa kwa tahajia tofauti ni ya utenzi mmoja.”

Tulibishana juu ya namna ya kuitimiza. Mwanafunzi aliandika kwanza programu inayotazama kama jina lipo, na lisipokuwapo ndipo inaomba saraka iundwe. Nikamwambia hizo ni hatua mbili, na kati yake pana upenyo. Mawakala wawili wakifanya kazi kwa pamoja wataona wote kwamba jina halipo. Alinitazama kwa mshangao, kwa kuwa hakutazamia maneno hayo kwa mwalimu wa ushairi. Nikamsimulia habari za toleo la saba na joho la msimamizi mkuu. Akaifuta hatua ya kwanza, akakiachia kiini kijibu chenyewe, kama kinavyojibu tangu 1983. Yeye naye alinisahihisha: mimi nilikuwa nimeandika “na kwamba sasa ni tupu”, akasema hatuwezi kuapa juu ya sasa, twaweza kuapa juu ya wakati ilipoundwa tu. Ndiyo sababu ya maneno “ilipoundwa ilikuwa tupu”. Katika miaka yangu ya kusahihisha insha za wanafunzi, mara chache nimesahihishwa wakati wa kitenzi kwa haki namna hiyo.

Tuliipanga upya mikusanyo yote kutoka katika picha za asili zilizosalia kwenye kamera na simu, na safari hii tulitoa nakala kwanza. Wakala alisimama mara tatu. Mara mbili ilikuwa ni miswada miwili ya utenzi mmoja, kama ile ya kwanza. Mara ya tatu jina lilikuwa la faili ambayo mwanafunzi mmoja aliandika orodha yake ya matumizi ya safari, akaiita kwa jina la utenzi aliokwenda kuupiga picha. Kwa zana ya zamani sijui ingekuwaje. Mara moja kasoro tuliyoikiri ilitokea kweli: saraka mbili ziliundwa kwa utenzi mmoja, moja kwa tahajia ya Kiunguja na moja kwa ya Kiamu. Hapakupotea kitu, na tumeziacha zote mbili.

Mswada uliofunikwa tulipata kurasa zake 14 katika simu ya mwanafunzi aliyeshika taa siku ile. Nyingine 27 hatunazo. Niliandika barua kwa mwenye mswada kumweleza yaliyotokea, naye amenijibu kwamba karatasi zilizolowa ameziweka juani na baadhi zimeshikana. Ameniruhusu nije nizitazame baada ya masika. Saraka yake sasa ina jina la utenzi pamoja na jina la mji, na ndani yake ziko picha 14, zilizopewa namba zake za asili, na nafasi zilizo tupu zimeachwa katikati.